Okidi Iliyorudi Nyuma

Kisa hiki nilitumiwa na rafiki, naye alitumiwa na mwingine. Nakipitisha kwako kama kilivyonifikia. Kisome bila haraka, kisha umpe mwenzako.

Huko Tukuyu, kwenye baridi na mvua nyingi, aliishi mwalimu mstaafu aliyeitwa Subilaga. Alikuwa amefundisha hisabati kwa miaka thelathini na minne. Mumewe alikwishafariki, na mwanawe wa pekee, Anyosisye, alifanya kazi Dar es Salaam. Jioni tatu kwa wiki Mwalimu aliwafundisha bure, katika ukumbi wa kanisa, watu waliokuwa wakirudia mtihani wa kidato cha nne.

Siku moja mwanafunzi wake wa zamani, Gwakisa, aliyekuwa akiotesha maua Arusha, alimletea mche mdogo ndani ya chungu. Ulikuwa na majani mawili tu, kila moja halizidi ukucha wa kidole gumba.

"Hii ni okidi ya kiatu, Mwalimu," alisema Gwakisa. "Ua lake lina mfuko kwa mbele, kama ndara ya mtoto."

"Litatoka lini?"

"Ukibahatika, baada ya miaka saba."

Mwalimu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Akacheka. "Wewe unanipa mche, au unaniamuru nisife?"

Gwakisa akamweleza masharti. Mche haupandwi kwenye udongo bali kwenye vipande vya magome ya msonobari. Unataka maji ya mvua. Unataka mwanga, lakini hautaki jua. Usikauke, na usilowe.

Mwalimu aliyaandika yote kwenye daftari. Alipofika kwenye "usikauke, na usilowe," aliyatazama maneno hayo kwa muda mrefu. Kwake yeye, maneno hayo mawili hayakukubaliana.

Na kweli, mche ule ulimchanganya tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza ulitoa jani moja. Mwaka wa pili ulikaa miezi minne bila kuongeza chochote wala kupunguza chochote. Haukunyauka, haukukua. Mwalimu aliinama juu yake kila asubuhi asijue kama anatazama kitu kilicho hai au kitu kilichokufa kikasahau kuanguka. Wageni waliuliza kama ni wa plastiki.

Basi akafanya alichokijua. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alichukua rula, akapima jani refu kuliko yote, akahesabu majani, akaandika. Milimita mbili. Milimita tatu. Mwezi mwingine sifuri. Kwa namba hizo tu ndipo alipoamini kwamba mche unakwenda mbele.

Mwaka wa nne macho yake yakaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na Anyosisye akamwita mama yake Dar es Salaam akafanyiwe upasuaji. Angekaa huko wiki kumi.

Mwalimu alimwachia okidi jirani yake, Atuganile. Huyu alikuwa fundi cherehani, mjane kama yeye, mdogo wake kwa miaka kumi na tano. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini. Mmoja akipika, mwingine anajua ni mboga gani.

"Nitaitunza kama mtoto," alisema Atuganile.

"Itunze kama okidi," alijibu Mwalimu. "Inatosha."

Siku ya kuondoka alipima mara ya mwisho. Majani saba. Refu kuliko yote, sentimita kumi na moja na milimita mbili.

Alirudi mwishoni mwa Mei. Ulimwengu wote ulikuwa umeng'aa. Aliona hadi nyuzi za pazia. Okidi ilikuwa dirishani, ndani ya chungu kilekile, mbichi, safi. Jumamosi ya kwanza akachukua rula.

Majani matano. Sentimita nane na milimita sita.

Akahesabu tena. Matano. Akabadilisha rula, akapima upya. Nane na sita.

Akamwita Atuganile.

"Mdogo wangu, hii okidi ilipatwa na nini?"

Atuganile alikuwa ameshika kitambaa mkononi. Alikikunja, akakikunjua. "Haikupatwa na kitu, Mwalimu. Ni ileile. Nilikuwa naimwagilia tu."

"Majani mawili yako wapi?"

"Mimi sikuyahesabu, Mwalimu. Mimi siyo mtu wa kuhesabu kama wewe."

Mwalimu hakumtilia shaka. Katika miaka ishirini hakuwahi kusikia uongo kutoka kinywani mwake. Akaona huenda ni macho. Labda macho mapya huviona vitu kuwa vidogo kuliko vilivyo. Akapima mlango, akapima meza, akapima kitabu. Vyote vilikuwa na vipimo vyake vya zamani. Okidi peke yake ndiyo iliyokuwa imefupika.

Akampigia simu Gwakisa.

"Mwanangu, okidi inaweza kurudi nyuma?"

"Inaweza kupoteza majani ya chini, Mwalimu. Lakini jani likishakomaa halifupiki. Haiwezekani." Kisha akaongeza kwa adabu, "Labda zamani ulikosea kupima."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba. Labda ulikosea kupima. Alifungua daftari, akafuata namba zake mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu na zaidi. Mwandiko ulikuwa wake. Namba zilipanda vizuri, kwa utulivu, hadi Machi. Je, alikuwa akiandika vitu ambavyo havikuwepo? Na kama alikosea hapa, alikosea wapi kwingine?

Kulikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakumwambia mtu. Mama yake mzazi alipofika miaka sitini na minane alianza kutia chumvi kwenye chai. Baada ya hapo akawa anamwita Subilaga kwa jina la shangazi aliyekufa. Mwishowe hakumjua hata huyo shangazi. Mwalimu alikuwa na miaka sitini na saba.

Tangu siku alipompigia Gwakisa simu alianza kujichunguza. Alifunga mlango, akarudi kuangalia kama ameufunga. Aliuliza leo ni siku gani huku anaijua. Akiweka miwani mezani, alijisemea kwa sauti, "Nimeiweka mezani," na bado alipoikuta hapo alishangaa.

Jioni moja ukumbini aliandika hesabu ubaoni, akafika katikati, akasimama na chaki mkononi. Jibu alilijua. Ila hakuweza tena kujua kama anajua. Wanafunzi walimsubiri. Akaweka chaki chini.

"Tafuteni mwalimu mwingine," aliwaambia. "Mimi nitawapotosha."

Mtihani ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Hakupatikana mwingine.

Atuganile aliyaona haya yote. Alimwona jirani yake akizungukazunguka uani akitafuta ndoo iliyokuwa mkononi mwake, kwa sababu mtu anayejiogopa hupoteza hata alichokishika. Alimwona akikonda. Kila siku alijiambia, kesho nitasema. Kesho ikifika, aliona aibu imekua kuliko jana.

Mwezi wa Oktoba Mwalimu alifika mlangoni kwa Atuganile amebeba chungu kwa mikono miwili.

"Nimeamua kumfuata Anyosisye," alisema. "Nyumba nitaifunga. Heri niondoke sasa, wakati bado naijua njia."

"Mwalimu, unaumwa nini?"

"Kichwa changu kinaniacha, mdogo wangu. Kama kilivyomwacha mama. Nimekuletea okidi. Wewe uliitunza vizuri, mimi hata kuipima nimeshindwa."

Akamnyooshea chungu. Atuganile hakukipokea. Alikaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

"Mwalimu, siyo yenyewe."

"Siyo nini?"

"Hiyo siyo okidi yako. Yako ilikufa."

Mwalimu alibaki amesimama, chungu mikononi. "Sema tena."

"Ilikufa wiki ya tatu. Nilikuwa naimwagilia kila asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, baridi kali, na mimi nazidi kumwaga maji, maji yakituama katikati ya majani. Nilidhani nazidisha upendo. Siku moja nilishika jani, ikang'oka yote mkononi mwangu, imelainika kama mchicha uliochemshwa." Alikuwa akilia. "Nilikwenda hadi Iringa kwa mama mmoja anayeotesha maua. Nikachagua iliyokaribiana. Nikaipakata njia nzima. Nilijua unaipenda, Mwalimu. Sikutaka uumie."

 Atuganile alisubiri matusi. Alisubiri chungu kirushwe ukutani.

"Kwa hiyo yangu ilikuwa na majani saba," alisema Mwalimu polepole.

"Saba."

"Na hii ilikuwa na matano."

"Matano, Mwalimu."

"Sikukosea."

"Hukukosea hata kidogo."

Mwalimu aliweka chungu juu ya meza ya cherehani. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Atuganile alidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ilikufa!" alisema. "Mungu wangu, nakushukuru, ilikufa!"

Halafu kicheko kikakatika. Alimtazama Atuganile kwa macho ambayo Atuganile hakuwahi kuyaona, akachukua chungu chake, akatoka bila kuaga.

Wiki mbili hakusema naye. Waliposalimiana ukutani ilikuwa ni salamu tu, haina mkia. Lakini kila jioni Atuganile alimwona akipita na boksi la chaki, akienda ukumbini, hatua zake zikiwa ndefu. Alikwenda siku sita kwa wiki, si tatu, kufidia muda uliopotea. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wamekwishakata tamaa na hawakurudi tena. Kuwapoteza hao kulimuuma, na aliwataja kwa majina.

Wiki ya tatu alimgongea Atuganile mlango.

"Nimekuja tunywe chai," alisema.

Wakanywa. Baada ya kikombe cha pili Mwalimu akasema, "Kifo cha okidi nilikusamehe siku ileile, kabla sijafika nyumbani. Ile miezi mitano ya kujiogopa ndiyo iliyonichelewesha."

"Nilitaka kukulinda, Mwalimu."

"Najua. Ungeniambia 'ilikufa,' ningelia siku mbili. Siku ya tatu ningemwomba Gwakisa mche mwingine. Wewe ulinifichia kifo cha majani saba, mimi nikaanza kuzika akili yangu."

Atuganile aliweka kikombe chini. Akainamisha kichwa.

"Njoo kesho asubuhi," Mwalimu aliendelea. "Nikuonyeshe namna ya kuimwagilia. Unainua chungu kwanza. Kikiwa kizito, unakiacha. Kikiwa chepesi, unakipa maji kidogo pembeni, siyo katikati."

"Utaniamini nayo tena?"

"Nitakufundisha. Kuamini kutakuja nyuma, taratibu."

Wakaitunza pamoja. Miaka ikapita, na mche ukaendelea na tabia zake: mwaka huu jani, mwaka ule kimya, mwaka mwingine kichipukizi kidogo ubavuni kisichoeleweka kama kinatoka au kinarudi. Mwaka ambao Mwalimu alitimiza miaka sabini na mitatu, katikati ya majani palitokea kitu cha kijani kama ncha ya penseli. Kilipanda kwa miezi miwili bila kusema ni nini. Kisha asubuhi moja kikafunguka: ua la njano iliyokolea, lenye mistari ya kahawia, na mbele yake mfuko uliong'aa kama umepakwa mafuta.

Watu walikuja kulitazama. Walimpongeza Mwalimu kwa kuilea miaka yote hiyo tangu ilipokuwa na majani mawili.

"Siyo hiyo," Mwalimu aliwaambia. "Ile ya kwanza ilikufa."

Wageni waliuliza iliuawa na nini. Mwalimu alifungua mdomo ili aseme baridi, au mvua, amstiri jirani yake. Lakini Atuganile, aliyekuwa anapanga vikombe, alitangulia.

"Niliiua mimi," alisema mbele ya wote, sauti yake imetulia. "Kwa maji mengi. Karibuni chai."

Funzo: Ukimficha mtu msiba ili asiumie, unaweza kumnyang'anya kitu kikubwa zaidi, yaani kuyaamini macho yake na akili yake. Ukweli humliza mtu siku mbili. Uongo wa huruma humpoteza akiwa nyumbani kwake. Kama umeharibu, sema mapema.