Aliyenyimwa Radhi na Mwantumu

Hapo zamani, na si zamani ya mbali kiasi cha kutuacha tujidai haituhusu, kijiji cha Kibojo kilizika mtoto. Aliitwa Tunu, mwana pekee wa Mwantumu. Kipindupindu kilimkausha kwa kutwa moja tu, macho yakazama, akazikwa kabla baba yake hajarudi kutoka safarini. Hasira zinanipanda hata sasa ninapolisema.

Ilipofika arobaini, watu wakakusanyika. Desturi ya Kibojo ni kwamba siku hiyo mfiwa huwapa wote radhi, msiba ukaisha. Mwantumu akasema radhi atatoa, lakini mmoja atamnyima, na huyo atahama kijiji. Akataka kumjua aliyemuua mwanawe.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bakteria, maana siku hizo vidudu viliulizwa na vikajibu.

"Mimi nimekaa kwenye kijito chenu tangu enzi za babu zenu," akasema. "Mmeoga nami, mmeninywa, nani aliumwa? Sikuwa na sumu. Kirusi ndiye aliyeniingia mwilini bila hodi, akashona maagizo yake ndani ya maagizo yangu. Tangu hapo natengeneza sumu ambayo sikuiomba."

Mwantumu akamuuliza sumu hiyo ilimpa hasara gani. Bakteria akababaika, halafu akakiri kwamba mtu akiharisha, watoto wake yeye Bakteria hutoka kwa wingi na kusambaa kila mahali. Kumbe alinufaika, na bado alikuja kulia mbele ya mama wa marehemu.

Akaitwa Kirusi. Huyo ni mdogo hata mbele ya Bakteria, na maneno yake ni makavu.

"Mimi mtu simwezi," akasema. "Sina mdomo, sina tumbo, hata kuzaa siwezi mpaka niingie ndani ya huyu. Nilimfundisha kupika sumu, sikatai. Lakini aliyepika ni yeye, na aliyelishwa mimi simjui."

Hivyo ndivyo wasemavyo wote wanaowapa wenzao silaha kisha wakaenda kulala.

Wa tatu alikuwa Bi Mwanahawa, aliyesimamia chakula kwenye hitima ya jirani, pale Tunu alipoupata ugonjwa. Kibojo watu hunawa katika bakuli moja, wakubwa kwanza, watoto mwisho. Maji hayamwagwi mpaka wote wanawe, kwa kuwa kuyamwaga katikati ni kuwaambia waliotangulia kwamba ni wachafu. Siku ile mgeni mmoja kutoka ng'ambo ya kijito alikuwa anaharisha, akaficha, akanawa. Tunu akanawa wa mwisho, akala kwa mkono. Heshima gani hiyo, jamani, ya kumnawisha mtoto uchafu wa watu wazima?

"Maji niliyaona yamechafuka," akasema Bi Mwanahawa. "Ningeyamwaga, mgeni angeaibika na ninyi nyote mngenisema. Nilichunga desturi niliyoikuta. Na wewe, mwanangu Mwantumu, ulikaa ubavuni mwa bakuli. Ni wewe uliyemwambia Tunu anawe. Nilichokiona mimi, wewe hukukiona?"

Hasira zikampanda Mwantumu, na hakuna aliyejua anamkasirikia nani.

"Nilikiona," akasema. "Niliogopa kuambiwa najidai."

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msinitazame kama mliokuja kuangalia ngoma. Bila Kirusi, Bakteria angebaki kijitoni hana madhara. Bila Bakteria, Kirusi asingeweza kumgusa mtoto. Bila maji yale ya bakuli, wote wawili wasingemfikia Tunu. Na mama mtu alikuwa na ulimi. Mmoja lazima anyimwe radhi na aondoke Kibojo, hata kama ni mfiwa mwenyewe, na Mwantumu amekwisha kusimama kumtaja. Je, nani alistahili?