Bibi Nyamizi na Njia ya Magari ya Chumvi

Paukwa!
— Pakawa!
Walio nyuma kule sijawasikia. Paukwa!
— Pakawa!
Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, palikuwa na kijiji kwenye mteremko wa kilima. Juu yake, mwendo wa siku mbili, kulikuwa na ziwa lililokauka likabaki chumvi tupu. Chini yake, mwendo wa siku moja, ulikuwapo mji wa mtemi. Njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita katikati ya kijiji, nyumba huku na nyumba huku.

Njia hiyo ndiyo aliyopita Lusangija, mkuu wa magari ya chumvi. Alikuwa mtu wa kifua kipana, ndevu zimeanza mvi, sauti yake ikivuma kama ngoma ya msiba. Magari yake yalikuwa kumi na mawili. Kila gari lilivutwa na ng'ombe wanane. Kila gari lilibeba mabonge ya chumvi hadi magurudumu yalie.

Gwara-gwara! Gwara-gwara! Kwiii!

Mwanzoni watu walifurahi. Watoto walikimbia kuokota vipande vya chumvi vilivyodondoka. Akina mama walikaa kando ya njia na vyungu vya uji, wakawauzia waendesha magari. Lakini magari yalizidi. Yalipita asubuhi, yakapita mchana, yakapita jioni. Vumbi likaingia kwenye mboga. Kuta zikapasuka. Ukingo wa kisima ukamomonyoka, mbuzi akavunjwa mguu, kisha mwingine, kisha wa tatu.

Gwara-gwara! Gwara-gwara! Kwiii!

Lusangija aliyaona hayo yote. Msidhani hakuyaona. Kila alipofika juu ya mteremko ule, aliikaza upya kamba ya gogo linaloburutwa nyuma kuzuia gari. Gari zito halisimami upesi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini hofu yake hakumwambia mtu. Alipiga mbinja, akashuka.

Basi siku moja, jua likiwa la utosi, kamba ya gogo la kuzuia gari la mbele ikakatika. Taa! Gari likaanza kuteremka lenyewe, likiwasukuma ng'ombe kwa nyuma.

"Pisheni! Pisheni njia!" Lusangija alipiga kelele.

Katikati ya njia alikaa mtoto wa miaka mitatu, jina lake Kabula, akipanga magunzi ya mahindi. Hakuinua hata kichwa. Mama yake, Nshoma, alikuwa anapepeta mtama. Aliutupa ungo, akaruka, akamshika mtoto mkono mmoja, wakaanguka wote kwenye majani. Gari likapita hapo hapo alipokuwa mtoto. Likausaga ungo, likaligonga ghala, likasimama. Puu!

Mtoto hakupata hata mchubuko.

Lusangija alifika mbio. Alitaka kusema "Mungu ashukuriwe." Mdomo ukafunguka, likatoka jingine kabisa:

"Mfungeni mtoto wenu! Hii ni njia, si uwanja wa kuchezea!"

Nshoma alimtazama tu, mtoto kifuani. Macho yale Lusangija aliondoka nayo.

Aliporudi safari iliyofuata, alikuta njia imefungwa. Magogo yamelazwa, miiba imerundikwa, na vijana wamesimama na majembe. Mbele yao alikuwa Mhoja, mdogo wake Nshoma.

"Leo hapiti mtu," alisema Mhoja.

"Mawingu yale unayaona?" alisema Lusangija. "Mvua ikininyeshea hapa, chumvi yote itayeyuka. Nitamwambia nini mtemi?"

"Mwambie tumekataa kuzika watoto."

Waendesha magari wakashika mijeledi. Vijana wakainua majembe.

Ndipo akaja Bibi Nyamizi. Alikuwa mfinyanzi, mzee kuliko wote pale kijijini, mfupi, mikono yake imepasuka kwa udongo. Hakuharakisha. Alipita katikati ya majembe na mijeledi kama mtu anayepita shambani kwake, akasimama mbele ya Lusangija.

"Mwanangu, umekula?"

"Bibi, huu si wakati wa kula."

"Sikukuuliza wakati. Nimekuuliza kama umekula."

"Sijala," alisema Lusangija.

"Njoo basi. Na wewe Mhoja, lipishe gari moja. Moja tu."

Nyumba ya Bibi Nyamizi ilikuwa kando kabisa ya njia. Alimkaribisha Lusangija kwenye kigoda, akamwekea bakuli la uji mbele yake. Nje gari likaanza kupita.

Gwara-gwara! Gwara-gwara! Kwiii!

Ukuta ukatetemeka. Uji ukaruka ukamwagika mapajani mwake. Kutoka juu udongo ukadondoka, po, po, po, ukajaa bakulini. Pembeni, chungu kibichi ambacho bibi alikuwa amekianika kilipasuka, kah!

"Kunywa, mwanangu," alisema bibi.

Lusangija alilitazama bakuli. Alikitazama chungu. Akainamisha kichwa, na maneno aliyoyaficha siku nyingi yakatoka.

"Bibi, naogopa. Kila nikishuka hapa naogopa. Safari iliyopita nilidhani nimeua. Lakini nitapita wapi? Nyuma ya kilima kuna tope. Baba yangu alijaribu, gari likazama, ng'ombe wawili wakafia humo."

"Alimuuliza nani njia?"

"Hakumuuliza mtu."

"Ahaa," alisema Bibi Nyamizi. "Mimi udongo wangu nauchimba huko huko, mwaka wa arobaini sasa. Leo funikeni chumvi kwa ngozi. Kesho twende ukaone."

Kulipopambazuka waliondoka watatu: bibi, Lusangija, na Mhoja aliyekuja kwa kununa. Walizunguka kilima hadi kwenye tope. Bibi alitangulia na fimbo ndefu, akichoma ardhi.

Chubwi! "Hapa panazamisha." Chubwi! "Na hapa." Ko! "Umesikia? Chini ni changarawe. Panda kijiti, Mhoja."

Chubwi, chubwi, ko! Chubwi, ko, ko! Vijiti vikapandwa, na njia ikaanza kuonekana, imepinda kama nyoka aliyelala. Ilipofika katikati ikakatika. Hatua ishirini zilikuwa chubwi tupu.

Lusangija alivunjika moyo. "Basi tena, bibi."

"Basi vipi? Pana pengo la hatua ishirini. Magogo hayapo? Mawe hayapo?"

Mhoja alikuna kichwa. "Magogo tunayo. Yamelala njiani."

Siku hiyo waliokuwa wanataka kupigana walibeba gogo moja pamoja, huyu mbele, huyu nyuma. Wakapanga magogo, wakajaza mawe, wakamwaga changarawe juu. Watu hawakukubaliana katika yote, la. Wauza uji walilalamika.

"Magari yakihama, bibi, uji tumuuzie nani?"

"Ng'ombe watapumzika wapi kabla ya tope?" bibi aliwauliza. "Pale njia panda kwenye majani, njia mpya inapoachana na ya kijiji. Hamisheni vyungu. Hapo mtu anakaa, hanywi akikimbia."

Wengine wakauliza, "Na sisi chumvi yetu?" Bibi akasema gari moja, tena lenye mzigo nusu, litaingia kijijini siku ya soko tu, na mtu atalitangulia kwa miguu akipiga njuga. Lusangija akakubali mbele ya wote.

Ikabaki kujaribu. Mawingu yalikuwa yameshuka sasa, na upepo unanuka mvua. Lusangija hakumtuma mtu. Alishika kamba za gari la kwanza mwenyewe. Mbele ya ng'ombe alitembea Bibi Nyamizi na fimbo yake.

"Bibi, toka, gari likiteleza je?"

"Litanitelezea mimi niliyekwambia upite hapa. Endesha."

Gwara... gwara... gwara...

Gurudumu lilipanda juu ya magogo. Likazama kidole kimoja. Likazama viwili. Lusangija aliacha kupumua. Gogo lilinguruma chini. Likazama cha tatu, likakaa. Ng'ombe wakavuta. Gwara! Gari likapanda upande wa pili, kwenye ardhi kavu.

Vijana walipiga vigelegele kama wanawake. Mhoja akatupa kofia juu. Lusangija aliketi chini pale pale, akacheka, kisha machozi yakamtoka huku anacheka. Magari yote kumi na moja yaliyobaki juu yalivuka kabla tone la kwanza halijadondoka.

Alifika kwa mtemi amechelewa zaidi ya siku moja.

"Umechelewa," alisema mtunza ghala.

"Nimechelewa," alijibu Lusangija. "Na kwa njia hii nitachelewa nusu siku kila safari. Lakini nashuka kilima nikiimba."

Mtunza ghala aliionja chumvi, ikawa kavu. Akafungua mlango wa ghala.

Wakati wa kurudi Lusangija aliwaacha wenzake njia panda, akaingia kijijini kwa miguu, amebeba ungo mpya. Nshoma alikuwa mlangoni.

"Mama Kabula," alisema, "maneno yangu ya siku ile yaliletwa na hofu. Mtoto hakuwa na kosa. Wewe hukuwa na kosa. Nisamehe."

Nshoma akaupokea ungo, na kwa kuwa mikono yake ilijaa, akamwambia, "Basi nishikie huyu." Akampa Kabula. Mtoto akazikamata ndevu zile akazivuta kwa nguvu zake zote, na mkuu wa magari ya chumvi akasimama pale akilia, "Aii! Aii!" wala hakuuondoa mkono wa mtoto.

Bibi Nyamizi alifariki miaka mingi baadaye. Waendesha magari ndio waliombeba kaburini, wakienda polepole.

Wanangu, mwenye mzigo mzito naye ana moyo, na mwenye nyumba kando ya njia naye ana haki. Kabla hamjainua majembe, muulizeni anayeijua ardhi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na yake, aichukue kuanzia hapo.