Stelingi Aliyekataa Kupigwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na pango!

Pangoni mna nini?

Mna giza!

Gizani mna nini?

Mna watu wanalia, na wamekuja wenyewe kwa miguu yao!

Haya, sogeeni. Wenye watoto wapakateni, wenye vikohozi kohoeni sasa hivi, mmalize.

Hapo zamani wanyama walikuwa wakitengeneza filamu za Kihindi. Msiniulize kwa nini za Kihindi. Nimetembea mimi, nimefika mpaka Bombay, nikapotea stesheni mchana kutwa, na hata huko jibu sikulipata. Ninachojua ni kwamba mnyama akitaka kulia, kuimba na kunyeshewa mvua kwa wakati mmoja, filamu anayoitafuta ni ya Kihindi.

Sinema yao ilikuwa pangoni kwa Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, tumbo kubwa kidogo, mkia hana. Aliishi mle na mama yake, Bi Majabali, na babu zake wote walizaliwa mle. Vimulimuli walijazana ndani ya kibuyu, wakawaka, na picha ikaonekana ukutani. Hadithi alitunga Pimbi. Mama katika filamu alikuwa Bi Majabali, maana filamu ya Kihindi bila mama ni harusi bila pilau. Na mama yule alijua kulia! "Uwiii, mwanangu! Uwiii, mwanangu weee!" Mawe yalitoka jasho.

Adui alikuwa Kiboko. Nje ya filamu Kiboko alikuwa mpole hata akila majani anayaomba radhi kwanza. Lakini ukutani, jamani, ana macho mekundu!

Na stelingi, yaani shujaa wa filamu? Stelingi alikuwa Simba, aliyejiita Sharubu Kumar. Kumar alikuwa na nywele. Akigeuza kichwa, kichwa kinafika kwanza, nywele zinafuata taratibu, fyaaaa, kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Mimi ambaye nywele zilinihama bila kuaga, nakiri kwa wivu: zile zilikuwa nywele.

Kila Idi ilikuwa hivyo hivyo. Kiboko anampiga stelingi, pa! pu! pa! Stelingi anaanguka. Mama analia. Mvua inanyesha, chwaaa. Wimbo unaimbwa. Stelingi anafumbua jicho moja, na pango zima linaruka: "Stelingi hafi!" Wanyama wanarudi makwao macho yamevimba, wamefurahi kweli kweli.

Basi ikawa siku, Idi inakaribia, Simba akaja pangoni, akalala katikati.

"We Pimbi!"

"Naam, stelingi."

"Hawa wanyama wanakuja hapa kumtazama nani?"

"Wewe, bwana."

"Basi pango ni la nani?"

Pimbi bila pango ni kitoweo. Nje kulikuwa na Tai, na Tai alikuwa akimjua Pimbi kwa uzito. Na mama yake miguu ilikuwa mibovu, hawezi kuanza kutafuta ufa mwingine wa jiwe uzeeni.

Akatabasamu.

"Pango ni lako, bwana Kumar, nani asiyejua? Lakini unawajua wanyama kwa maneno. Watasema umeninyang'anya. Tupate ushahidi. Filamu ya Idi hii iwe yako mwenyewe, utakavyo wewe. Wakikaa wote mpaka mwisho, mimi na mama tunahama siku hiyo hiyo. Akitoka hata mmoja kabla haijaisha..."

"Atoke nani?" Simba akacheka, vumbi likaanguka kutoka darini. "Akitoka hata mmoja, pango lako milele. Na mimi nitakaa chini mkekani kama mtu yeyote, na nitacheza chochote utakachonipa."

"Hata cha kupigwa?"

"Hata cha kupigwa!"

Pimbi akaleta hadithi yake, ameichora juu ya jiwe, akaisoma. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizopata kutunga: ndugu wawili, mto unafurika, mmoja anachukuliwa na maji, mama analia mpaka anapofuka. Alikuwa ameitunga kwa miezi, akiwa peke yake analia, mama yake anamuuliza kama ameumwa na siafu.

Simba akasikiliza kidogo.

"We Pimbi!"

"Naam, stelingi."

"Hapa nani anapigwa?"

"Wewe, bwana. Kidogo tu, ili watu wakuonee huruma."

"Mimi sipigwi!"

"Hupigwi, bwana." Krwa, krwa, krwa, akafuta.

"We Pimbi!"

"Naam, stelingi."

"Huyu ndugu atakuwa nani?"

"Tulifikiri Swala, ana macho mazuri."

"Mimi pia nina macho. Ndugu ni mimi!"

"Ni wewe, bwana." Krwa, krwa, krwa.

"Na baba?"

"Ni... wewe, bwana?"

"Umeanza kuelewa. Na mvua hii ya nini? Nywele zitalala! Hakuna mvua!"

"Hakuna mvua, bwana." Krwa, krwa, krwa.

Kila krwa moja ilimkwaruza Pimbi moyoni, kwani mtunzi ni mtunzi hata akiwa na hila. Halafu Simba akainua ukucha.

"Na mama yako."

"Ana nini mama yangu?"

"Akilia, watu wanamtazama yeye. Mimi nimelala pale, nywele zimetandazwa vizuri, wao wanamtazama bibi hana hata mkia! Mtoe. Sitaki kumwona ndani ya pango hili siku ya Idi."

Pimbi akainama.

"Atakaa nje mlangoni, bwana. Atakaanga karanga."

"Akaange!"

Usiku ule Pimbi hakujua amwambieje mama yake. Bi Majabali aliposikia, alitafuna jani polepole.

"Amenitoa, eh? Na amekuachia mlango?"

"Mlango wote, mama."

"Basi nitafutie karanga za kutosha, baba yangu. Na chumvi."

Idi Pili, mchana, pango likajaa. Wanyama wameoga, wamepakana mafuta. Tai mwenyewe alikuwa ndani, amekaa mbele, kitambaa cha kufutia machozi kiko tayari. Kunguru, mchambuzi wa filamu, alikaa juu kwenye jabali, maana wachambuzi hupenda kukaa juu. Na Simba? Simba hakuwa mjinga wa kutupwa. Alikuja akalala mlangoni, kichwa upande huu, mkia upande ule, akaziba njia nzima kama gogo.

"Karibuni," akasema. "Furahieni."

Pimbi akaupima kwa macho ule mwili mlangoni. Hakuna atakayethubutu kuruka pale. Wangekaa wote mpaka mwisho, si kwa kupenda.

Kibuyu kikawaka. Ukutani akazaliwa Simba, tayari ana nywele. Baba yake, Simba, akafurahi. Ndugu yake, Simba, akapotea na kupatikana papo hapo. Simba akamkumbatia Simba. Kiboko akaingia kwa macho mekundu, akamwona Simba, akasema, "Nisamehe, bwana," akatoka. Halafu Simba akapanda mlimani, akaimba. Akageuza kichwa. Fyaaaa. Akaimba tena. Fyaaaa.

Mtoto wa Nyani akauliza, "Mama, adui yuko wapi?"

"Ameshaomba radhi, mwanangu."

"Basi mbona hatuendi nyumbani?"

"Nyamaza, mlangoni kuna simba."

Tai alikunja kitambaa chake kikavu, akakiweka chini ya bawa. Kunguru, aliyeulizwa na wenzake filamu anaionaje, akajibu kwa sauti ya chini sana: "Nimeona nywele. Nywele ni nzuri. Halafu nimeona nywele."

"Ya mwaka jana ilikuwa na nini ambacho hii haina?" akauliza Nungunungu.

"Ya mwaka jana alipigwa," akasema Kunguru. "Mtu ambaye hajaanguka utamshangiliaje akisimama?"

Basi hapo Pimbi, pembeni, akakohoa. Kho! Kho!

Nje, chwa-chwa-chwa, karanga zikageuzwa kikaangoni. Na sauti ikaanza, taratibu, ya bibi anayezungumza na jiko lake:

"Hapo palikuwa na mama, ana watoto wawili. Mto ukafurika..."

Sikio moja la Simba likageuka.

"Mama akamshika huyu kwa mkono wa kulia, na huyu kwa mkono wa kushoto. Maji yakavuta. Uwiii, mwanangu..."

Sikio la pili likageuka.

"We bibi! Kimya huko nje!"

"Niwie radhi, mwanangu Kumar, naongea na karanga." Na Bi Majabali akashusha sauti, mtiifu kabisa, ikawa ndogo, ndogo, kama ya mbu nyuma ya pazia.

Simba akanyoosha shingo ili asikie.

"Mama akaona mikono miwili haiwezi. Lazima auachie mmoja. Akamtazama wa kulia. Akamtazama wa kushoto..."

Akageuza karanga. Chwa-chwa-chwa.

"Halafu?" akasema Simba.

"Umesema kimya, mwanangu."

"Nilisema kimya, sikusema ukome! Aliuachia upi?"

"Sogea basi, sauti yangu haifiki."

Shingo ilishatoka. Ikafuata miguu ya mbele. Kifua. Tumbo, kwa shida kidogo, maana alikuwa amekula vya Idi. Pimbi, ambaye mkia hana, hakuwahi kuutazama mkia wa mtu kwa mapenzi kama alivyoutazama ule. Ukajiburura. Ukajiburura. Ncha ile yenye kishungi ikapita kizingiti, swaa!

Mkia ulipotoka, pango lilitapika. Nyani na watoto, Nungunungu, Kiboko, Tai aliyeanguka mara mbili, wote nje, wote wakakaa kuzunguka jiko. Bi Majabali akainua uso.

"Uwiii, mwanangu! Uwiii, mwanangu weee!"

Kilio hicho! Tai alilia mpaka manyoya yakalowa. Kiboko alilia akiomba radhi kwa kulia. Na katikati yao Sharubu Kumar alikuwa amekaa chini mkekani, amekumbatia mkia wake, machozi yanapita kwenye sharubu, tii, tii, tii, yanaanguka kwenye karanga.

"Samahani, bwana Kumar," Pimbi akasema polepole. "Filamu imeisha?"

Simba akapangusa pua, akatazama nyuma. Ndani, ukutani, simba alikuwa mlimani, anaimba, anageuza kichwa. Fyaaaa. Mbele yake hakukuwa na hata nzi.

"Bado," akasema.

"Aliyetangulia kutoka ni nani?"

Wanyama wote wakatazama chini. Wengine walianza kupima umbali wa miti.

Simba akafungua kinywa ili angurume. Akakiangalia tena kile kisimba chake ukutani, kinachoimba peke yake.

"Maskini," akasema. "Mbona hana hata mama?"

Bi Majabali akamtilia karanga kwenye kiganja. "Kula, mwanangu. Nina sauti ya kulilia wana wawili."

"Yule mtoto aliyechukuliwa na maji," Simba akauliza akitafuna, "alipatikana?"

"Atapatikana," akasema Bi Majabali. "Lakini apigwe kwanza."

Na Idi iliyofuata alipigwa. Kiboko alimpiga, pa! "Samahani, bwana Kumar." Pu! "Nimeumiza?" Pa! Na Simba, akiwa matopeni, mvua imemlaza nywele kama mkeka uliosahaulika uani, akanong'ona kwa upande wa mdomo: "Endelea, mjinga wewe, hapa ndipo watakapolia!" Wakalia kweli. Kunguru alishuka jabalini akakaa na watu. Simba alipofumbua jicho moja, pango liliruka, na kelele za "Stelingi hafi!" zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Pango likabaki la Pimbi, na la watoto wa Pimbi, na ukipita leo utawakuta wamekaa mlangoni wanaota jua, hawana mkia, hawana wasiwasi.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo hairuhusiwi kuingia nyumbani.

Funzo ni hili: wakubwa hawakosei kamwe, watiini kwa kila neno. Mama zenu wakae nje, wasiwaharibie kazi. Filamu nzuri ni ile isiyomtoa mtu chozi, kwa faida ya macho. Na mwenye nywele nzuri hahitaji kingine chochote duniani. Hilo nawaambia mimi mwenye kipara, nilijue wapi?

Ngano nimeileta mlangoni, ndani ingizeni wenyewe. Ikiwa tamu, mshukuruni Bi Majabali. Ikiwa chungu, karanga ziliungua.