Sindano ya Kila Mwezi

Osea wa kijiji cha Ihanda alikuwa mkulima shupavu. Hakuogopa nyoka katika mibuni yake wala baridi ya Juni. Aliogopa kitu kimoja tu: machozi ya Rozi, bintiye wa pekee.

Rozi alipokuwa na miaka tisa, maumivu ya koo yalimwachia homa na viungo vilivyovimba. Nesi Grace wa zahanati alimwonya Osea kwamba ugonjwa ule ukirudi utashambulia moyo. Mtoto achomwe sindano kila mwezi, kwa miaka mingi. Sindano yenyewe ilikuwa kali. Mara ya tatu Rozi aliukumbatia mguu wa babaye, akalia hadi sauti ikamkauka.

"Mtoto ameshapona, nesi. Mnamtesa bure," Osea alisema, akambeba mgongoni wakarudi nyumbani.

Miaka kumi ikapita. Rozi akawa sauti ya kwanza ya kwaya, na Osea alitamba naye kijiji kizima. Kisha akaanza kumsikia akivuta pumzi katikati ya neno. Msimu wa mavuno, debe moja la kahawa lilimkalisha chini mara tatu. Hospitalini daktari alieleza kwamba mlango mmoja wa moyo, yaani valvu, umeharibika. Bila upasuaji, Rozi hamalizi mwaka.

"Sindano za utotoni alimaliza?" daktari akauliza.

Osea aligeukia ukuta wa korido akalia kwa kwikwi, mtu mzima, kofia mkononi.

Mungu si Athumani. Walikwenda Dar es Salaam wawili, wakarudi wawili. Rozi alikuwa na valvu mpya ya chuma, vidonge vya kuzuia damu isigande, na kadi ya kupimwa damu kila mwezi.

Asubuhi moja akagoma. "Baba, nimechoka kutobolewa. Mwezi huu tuache tu." Machozi yakamlengalenga.

Moyo wa Osea ukayeyuka kama zamani. Neno "basi" lilimfika ulimini, akalimeza.

"Lia, mwanangu," akasema, akimpa koti. "Lia njia nzima hadi hospitali ya Vwawa. Lakini tunakwenda."

Rozi alilia mpaka barabara ya lami, kisha akacheka.

Jumapili aliimba ubeti mrefu bila kukata pumzi. Alipokuja kuketi kando ya babaye, kanisa likiwa kimya kwa sala, Osea aliisikia ile valvu ikigonga kama saa ndogo. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya madaktari, na kwa ajili ya nesi Grace, ambaye Osea alikwisha kumwomba radhi. Akashukuru hata kwa machozi yale ya njiani. Wahenga hawakukosea: mchelea mwana kulia hulia yeye.