Sanduku la Chihembe

Mwaka 1994, udiwani wa kata ya Chihembe, kaskazini ya Dodoma, uliporwa mchana kweupe. Sanduku la kura la shule ya msingi liliingizwa kwenye stoo ya mtama, eti lisinyeshewe. Mvua ya Oktoba, Ugogoni! Lilipotoka, lakiri yake, ile nta ya kuzibia, ilikuwa bado mbichi, na mgombea Raheli, kipenzi cha kijiji kizima, akatangazwa ameshindwa. Matonya, mdogo wake aliyekuwa wakala wake kituoni, aliyaona yote hayo kwa macho yake akanyamaza. Aibu ile ilimkaa rohoni kama mwiba.

Raheli hakukubali, akaenda mahakamani. Kesi iliahirishwa mara tisa: leo jalada halionekani, kesho hakimu yuko semina. Majirani wakamcheka, "Kesi ya nyani, hakimu ngedere! Utachoka, mama."

Kumbe hakimu alikuwa mtu wa haki. Alitengua matokeo, na uchaguzi ukaitishwa upya, safari hii chini ya msimamizi mgeni, Mwalimu Khairat kutoka Kondoa. Unadhani watu walishangilia? Thubutu! "Mbona wameachia kirahisi hivi?" walinong'onezana. "Hapa pana mtego."

Siku ya kura, barazani pa shule ile ile, Mwalimu Khairat aliligeuza sanduku juu chini mbele ya watu, akawaambia mawakala waingize mikono wapapase wenyewe. Ndipo akalifunga na kulipiga lakiri. Matonya aliinama akainusa lakiri ile, kisha akamtupia jicho karani aliyekaa kando.

"Mwalimu, huyu karani wako umemtoa wapi?"

"Miyuji, mjini."

"Nani kakupa?"

"Kaka Matonya, kunywa maji upoe. Kura ni zenu, mimi mlinzi tu."

Maneno matamu yale yalimzidishia shaka.

Saa tisa alasiri, upepo wa Dodoma ukaanza vituko vyake. Vumbi jekundu lilijaa barazani, sanduku likatikisika juu ya dawati. "Tuliingize darasani," alisema Mwalimu Khairat akilinyanyua. "Mawakala wote, nifuateni."

Matonya alisikia kuingiza tu. Mengine hayakumfikia.

"Ng'o! Haliingii ndani tena!" alifoka, akalirukia. Mwalimu akavuta, naye akavuta. Sanduku likaponyoka, likajipiga sakafuni, mfuniko ukafyatuka. Kura zikapeperuka uwanja mzima, wazee kwa vijana wakizikimbiza.

Kanuni haikuwa na huruma: kura za kituo kilichovurugwa hazihesabiwi. Na kituo hicho ndicho kilichokuwa ngome ya Raheli. Vituo vingine vilipojumlishwa, alishindwa kwa kura kumi na nne.

Alirudi kwa hakimu yule yule, akiwa na Matonya kama shahidi.

"Mwalimu alikosa nini?" hakimu aliuliza.

"Alitaka kuliingiza sanduku ndani, mheshimiwa."

"Peke yake?"

"Alituita tumfuate."

"Na aliyelivunja ni nani?"

Matonya alimtazama dada yake. "Ni mimi, mheshimiwa."

Shauri likatupwa siku hiyo hiyo. Nje ya mahakama Matonya alilia bila kuona haya, akimwomba dada yake msamaha.

"Nikusamehe nini, mdogo wangu?" Raheli alisema kwa uchungu. "Ningekuwa mimi pale barazani, ningelirukia vile vile."

Waliopora mara ya kwanza hawakuhitaji hata kurudi. Hofu waliyoiacha iliwamalizia kazi. Hakika, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.