Nani Ambebe Tusekile?

Sogeeni karibu, na mliosimama mlangoni mkae, maana nikimaliza habari hii nitawaachia kazi.

Katika milima ya Rungwe, juu kidogo ya mashamba ya chai, kuna kanisa lenye kikundi cha wazazi wa watoto wachanga. Kila Alhamisi mchana hukutana ukumbini. Hunywa chai, hunyonyesha, huulizana habari za homa na usingizi, huombeana, kisha hurudi majumbani. Kikundini humo walikuwamo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Tumpe, mama kijana mwenye mtoto wake wa kwanza, alijaliwa macho. Ukibadili hata namna ya kufunga kitenge, yeye keshaona.

Anyosisye, baba wa mapacha na mwanamume pekee kikundini, alijaliwa kifua. Mapacha wake walizaliwa njiti, na yeye na mkewe waliwalea kwa kupokezana, ngozi kwa ngozi, hadi wakanenepa. Mtoto yeyote anayelia, akiwekwa pale, hutulia.

Mama Lusajo, mtu mzima aliyekuwa akiwachemshia chai, alijaliwa ulimi. Hakuwa msemaji sana. Ila lile ambalo wengine wanalimeza, yeye hulisema.

Basi msimu wa mvua akaja kikundini mwanamke aitwaye Subilaga, na binti mdogo sana, Tusekile. Mumewe, Gwakisa, alikuwa kazini Tunduma. Subilaga alikaa karibu na mlango, akajibu kila swali kwa neno moja: "Salama." Alhamisi iliyofuata akaja tena. Ile iliyofuata, hakuja.

"Ni mvua," watu wakasema. "Nani atatoka na kichanga kwenye mvua hii?"

Tumpe akatikisa kichwa. "Wiki iliyopita alisahau shali ya mtoto kwenye benchi. Nikamkimbilia nayo, akaniambia, 'Kaa nayo tu.' Baridi yote hii, mama anakataa shali ya mwanawe? Mimi nakwenda."

Akamwachia mwenzake mtoto, akapanda mlima kwenye matope, akianguka na kuinuka. Alikuta mlango umerudishwa. Subilaga ameketi ameelekea ukutani, na Tusekile yuko kitandani, hajanyonya tangu jana yake, kilio chake kimekuwa chembamba kama cha paka. Tumpe akamgusa miguu. Baridi. Akapiga simu ukumbini.

Anyosisye na Mama Lusajo wakaja mbio. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde, na barabara ilikuwa imekatika kwa maporomoko, hata pikipiki haipiti. Anyosisye hakuuliza mengi. Alifungua shati, akamweka mtoto kifuani, akamfunga kwa kitenge, akavaa koti juu yake, akashuka bondeni kwa miguu. Wanaume waliojikinga mvua dukani wakamcheka: "Ee bwana, umejifungua lini?" Hakugeuka. Alikuwa akisikiliza pumzi ndogo chini ya kidevu chake, na kila iliposita, alimsugua mgongo na kumwita jina hadi pumzi ikarudi. Walipofika, muuguzi alimpokea akasema, "Kama angekuja amefungwa kwenye blanketi tu, baba, tusingekuwa na mtu wa kumtibu."

Lakini Subilaga alikataa kuondoka nyumbani.

"Mpeni mtu mwingine," alisema. "Mimi sina moyo wa mama. Akilia, natamani nisingekuwepo duniani."

Mama Lusajo akaketi sakafuni karibu naye, nguo zikimchuruzika maji.

"Mwanangu, nisikilize. Nilipomzaa Lusajo, sikutaka hata kumtazama. Mama yangu ndiye aliyemlea mwanzoni. Lusajo mwenyewe hajui, na kanisani hakuna anayejua. Nilidhani mimi ni mtu mbaya. Kumbe nilikuwa naumwa. Ni ugonjwa, Subilaga, na unatibika. Inuka twende nikaliseme jambo hili mbele ya daktari, wewe ukae kimya tu."

Subilaga akageuka kwa mara ya kwanza. "Wewe, Mama Lusajo?"

"Mimi."

Akainuka. Huko zahanati Mama Lusajo akayasema yote, watu wanasikia, na kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimemfikia Lusajo. Siku hiyo kijana hakula nyumbani. Baadaye alirudi akamkumbatia mama yake, lakini mama, alipoyasema yale, hakujua kama mwanawe angerudi. Subilaga alitibiwa. Maziwa yakarudi taratibu, na asubuhi moja wauguzi wakamkuta akimwimbia mwanawe kwa sauti ya chini.

Sasa ubatizo umefika. Katika kanisa hilo, mtu mmoja humbeba mtoto kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na kuanzia siku hiyo huitwa mzazi wa pili wa mtoto huyo maisha yake yote. Mmoja tu.

Gwakisa, aliyerudi toka Tunduma, akasema, "Anyosisye. Asingembeba, leo ningekuwa nazuru kaburi."

Mama mkwe wa Subilaga akasema, "Angembeba nani, kama Tumpe asingepanda mlima? Sisi ndugu tulio jirani hatukuona kitu."

Subilaga akasema, "Hao walimwokoa mtoto. Mama Lusajo alinirudisha mimi, na bila mimi mtoto huyu angekuwa yatima mwenye mama."

Wakawauliza watatu wenyewe. Tumpe akasema ni Anyosisye. Anyosisye akasema ni Mama Lusajo. Mama Lusajo akacheka akasema, "Tumpe, bila shaka." Hapo wakawa wamerudi walipoanzia.

Jumapili ikafika. Kengele imelia, kwaya imesimama, mchungaji anangoja. Subilaga yuko mlangoni, amempakata Tusekile mwenye mashavu mapya, anayetazama kila uso kana kwamba wote ni wake. Mbele yao wamesimama watu watatu, na mama amekwishanyoosha mikono kumtoa mtoto.

Kwa nani? Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Anzeni ninyi: mngempa nani, na hao wawili wengine mngewaambia nini?