Jini Aliyekopesha kwa "Haya"

Mwenye kusikiliza na asogee, na mwenye kutafuna na atafune taratibu. Alikuwako Sultani Ghanimu bin Hilali, mtawala wa mji wa Zumarani, na watu wa Zumarani walikuwa na adabu kupita kiasi. Mtu wa huko akisemeshwa hanyamazi: huitikia "haya", na akizidi kusemeshwa huitikia "haya" tena, hata kama maneno hayamwingii, kwani kumwacha msemaji bila kumwitikia ni kama kumfungia mlango usoni.

Katika mji huo aliishi Msellem, mpika halua, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko mwenziwe kwa ajili ya kukoroga. Mkewe, Zuwena, alikuwa na kicheko kilichoanzia tumboni, kikapanda, kikakwama puani, kisha kikatoka na mluzi, na Msellem alikuwa akikoroga na kusema upuuzi kutwa nzima ili akisikie tu.

Mwaka mmoja mvua zikazidi na kuni zikalowa na halua ikagoma kuiva. Ndipo Sharkashi, jini mwenye kilemba kikubwa kama pakacha, akafungua duka sokoni akikopesha kaa la moto lisilozimika. Msellem akaenda. Jini akamsomea masharti kwa lugha ya kijini, kwa puani, mbio mbio kama mtu anayefukuza mbuzi, naye Msellem akatikisa kichwa na kusema haya, na haya, na haya bwana. Nawe ungesema hivyo hivyo, usinitazame.

Kaa likawaka vizuri na halua ikaiva na wateja wakapigana vikumbo mlangoni. Lakini kicheko cha Zuwena kikapoteza mluzi, kisha kikaishia puani, kisha hakikupanda tena. Jioni moja Msellem akamsimulia kisa cha kadhi aliyekalia sinia la halua ya moto, kisa ambacho zamani kilimtoa Zuwena kitini. Zuwena akamtazama kwa huruma.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Najua kinachekesha. Mahali pa kuchekea ndipo nisipopaona."

Hapo Msellem akalishuku kaa, akalibeba mbio kulirudisha. Jini akakataa, akamwonyesha rafu ya chupa, na ndani ya chupa vicheko vya watu, ambavyo alikuwa akiwauzia matajiri wenye karamu zilizodorora. Akamkumbusha kwa upole kwamba hayo ndiyo masharti, na kwamba alisema haya. Na hakuwa peke yake: jirani yake alikuwa ametoa usingizi wake, na shangazi yake ametoa chafya, na sasa alinusa tumbaku kutwa bila faida yoyote.

Msellem akaenda barazani na akapiga magoti mbele ya Sultani.

"Ee Maulana, Mungu akudumishe, sikuja kudai mali. Nyumba yangu imekuwa kimya, na aliyenyamazishwa ni mke wangu, na aliyemuuza ni mimi, kwa adabu tu. Moto nitaurudisha. Nirudishiwe yeye."

Sultani akafuta macho kwa ncha ya joho, akamwita Bi Arafa, muhtasibu wake, aliyekagua mizani na pishi za sokoni. Bi Arafa akakiri kwamba alikuwa amepima kila kitu isipokuwa maneno. Akamwalika jini, akampa kahawa, akafungua waraka wa Sultani na kuusoma kwa lugha ya makarani, kwa puani, mbio mbio. Sharkashi, aliyekwisha kukaa Zumarani na kuambukizwa adabu zake, akawa anapiga funda na kuitikia haya, na haya, na haya bibi.

"Hongera, Bwana Sharkashi," akasema Bi Arafa akiukunja waraka. "Umekubali kuwa punda wa maji jikoni kwa Sultani, wewe na vizazi vyako."

Kahawa ikamtoka jini puani. "Mimi sikukubali kitu. Nilikuwa naitikia tu."

Baraza zima likamgeukia, naye akasikia alichokisema.

"Tumekusadiki," akasema Sultani kwa upole. "Haya yako haikufungi, wala hutakuwa punda, maana sitamhadaa raia wala jini. Basi na haya ya Msellem haikumfunga."

Akaamuru kwamba tangu siku ile mkopeshaji aeleze polepole, kwa lugha ya sokoni, anachotoa na anachochukua, na mkopaji akirudie kwa kinywa chake, na asipoweza kukirudia basi hapana mkopo. Bi Arafa akapewa watu wa kukaa madukani kusikiliza. Chupa zikafunguliwa, na nusu ya mji wakalala njiani walipokuwa, na shangazi akapiga chafya mpaka magharibi.

Lakini Zuwena hakucheka. Kicheko kilikuwa kimerudi, ila meko yalikuwa baridi na mumewe alikuwa akiogopa kufanya mzaha, asije akaona umepotea bure. Wakawa wanakaa wameshikana mikono, kimya.

Siku moja Sharkashi akabisha hodi, na kaa lake mkononi, maana wateja walikuwa wamemkimbia. Akataka kukopesha upya kwa sahani moja ya halua kila Ijumaa, akaeleza polepole, jasho likimtoka.

"Rudia hapo," akasema Msellem. "Sahani ya chai au ya wali?"

"Ya chai, bwana."

"Na ukifa?"

"Majini hatufi upesi."

"Upesi wa kwenu au wa kwetu? Anza tena mwanzo."

Kilemba kikamfunguka jini kikamwangukia miguuni, na Zuwena, aliyekaa nyuma ya pazia, akacheka mpaka pazia likakatika.

"Mzoee tu, bwana jini," akasema akijifuta machozi. "Siku ya posa alimuuliza baba mambo mpaka mahari ikapungua."

Msellem akasahau kaa, akasahau jini, akabaki kumtazama mkewe kama ndiyo kwanza wameoana.

Mkopo ukakubaliwa kwa sahani ya chai, wakatajirika, na halua yao ikaliwa hata ikulu. Funzo ni hili: mkopeshaji, sema ueleweke, mkopaji, usione aibu kuuliza, na mtawala, kaa sokoni usikilize. Chungu changu kimeishia hapo. Aliyebaki na njaa aende kwa Msellem.